Jumamosi Ina Mwenyewe

Mwezi wa Mei mwaka 2025 nilipanda mlima wa Mam Tor, karibu na jiji la Sheffield nchini Uingereza, bila kutoka Roysambu. Ilikuwa Jumapili usiku. Nilikuwa nimevaa jaketi na soksi mbili mbili kwa sababu ya baridi ya keja, stima ilikuwa imepotea na kurudi, na jirani alikuwa amefungulia rumba kwa sauti ya kuamsha wafu. Nikaandika jinsi upepo ulivyonipiga usoni nilipofika kileleni. Nikaandika kuhusu wanakondoo bondeni. Nikaandika kwamba nilipotazama chini nilijiona mdogo, nikawakumbuka wazazi wangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini walinituma kusoma mbali na nyumbani. Halafu nikaandika kuhusu ukimya. Aya nzima ya ukimya wa mlimani, na huku jirani ndio kwanza amefika kwenye gitaa.

Maneno 1,375. Kwa hesabu ya kazi yetu hizo ni kurasa tano kamili, na mwenye akaunti hunilipa shilingi 350 kwa ukurasa. Shilingi 1,750.

Kazi yenyewe mnaijua. Kila ploti kuanzia Roysambu hadi Juja ina mtu aliyewahi kuifanya. Mwanafunzi wa majuu hana muda, au hana nia, au vyote viwili. Anaweka oda kwenye tovuti. Oda inamwangukia mwenye akaunti yenye sifa nzuri, naye anaigawa kwa vijana kama mimi. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, 2023, karo iliponishinda. Tangu hapo nimefaulu uuguzi, uhasibu, usimamizi wa miradi na falsafa ya elimu. Nimefuzu mara nyingi kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na hakuna karatasi hata moja yenye jina langu.

Siku hizi oda zimepungua. Akili mnemba inaandika insha ya kawaida kwa dakika moja na haiombi pesa ya data. Zilizobaki ni zile ambazo mhadhiri anataka kusikia mtu akipumua ndani yake: insha za tafakuri. Eleza siku uliyokosea kazini. Eleza ulivyojisikia ulipoingia utamaduni mgeni. Ile ya Mam Tor ilikuwa ya aina hiyo. Chuo kilipanga matembezi ya Jumamosi, basi likakodishwa, na kila mwanafunzi akatakiwa kuandika alichokiona na kilichombadilisha.

Mteja wangu hakwenda. Aliandika kwenye maagizo, bila aibu yoyote, kwamba wikendi hiyo angekuwa London na marafiki, kwa hivyo niifanye insha ionekane ya kweli na niweke hisia. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa Jumapili, dakika moja kabla ya saa sita usiku kwa saa za kwao. Hapa kwetu ingekuwa imekaribia saa nane.

Basi nikafungua ramani za mtandaoni, nikatembea barabara za kijiji cha Castleton kwa kidole, nikahesabu ngazi za mawe kwenye picha za watu. Lakini picha hazina harufu. Nikakumbuka kwamba nina mtu Sheffield. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa huko tangu Septemba 2024 akisoma masta. Nikamwandikia: niambie ukiwa juu ya Mam Tor unasikia nini.

Jibu lilikuja saa tano usiku. "Kaka, sijawahi kufika huko. Naujua kwa kalenda ya jikoni kazini."

Miezi minane. Mlima uko karibu kiasi kwamba treni ya kutoka Sheffield hukufikisha kijiji cha Edale, upande wa pili wa mlima huo, kwa muda wa nusu saa hivi. Ni muda mchache kuliko ninaoutumia mimi kutoka Roysambu hadi mjini mvua ikinyesha. Na hakuwahi kufika. Mwenye insha alikuwa London. Mwenye kuiandika alikuwa Roysambu. Mwenye kuishi chini ya mlima alikuwa makao ya wazee, akimgeuza ajuza wa watu kitandani asije akapata vidonda. Watu watatu, mlima mmoja, na hakuna aliyeupanda. Ila mmoja wetu alipata alama.

Nimeandika haya kwa sababu ya mlima huo, na kwa sababu ya neno moja nililosikia maisha yangu yote: "kujivinjari". Ati wanafunzi wa majuu wanaenda kujivinjari. Ati wikendi zao ni za starehe na pesa zetu ndizo zinazochomeka. Nimelisema mimi mwenyewe, na nitawaeleza nililisema vipi, kwa sababu sitaki kuwakemea watu kwa dhambi ambayo sijaikiri.

Desemba ile, binamu yangu aliweka picha moja kwenye kikundi cha familia. Amesimama ndani ya Winter Garden, jengo kubwa la vioo katikati ya Sheffield lililojaa mitende na miti ya nchi za joto. Amevaa koti zuri. Anacheka. Kuingia pale ni bure, lakini nani alijua? Shangazi mmoja akaweka vidole gumba vitano. Mwingine akaandika, "Tunaona mnakula maisha." Mimi nikaandika hivi: "Wengine wanajivinjari na akiba za watu."

Ilikuwa na sababu. Ili binamu apewe viza, kanuni za wakati huo zilimtaka aonyeshe pauni 1,023 za matumizi kwa kila mwezi wa masomo, hadi miezi tisa, kwa kuwa chuo chake kiko nje ya London. Hizo ni pauni 9,207, zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Juu ya hapo kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Karo sijaigusa bado. Hesabu pauni moja kwa shilingi 170 uone mjomba alikuwa anatafuta zaidi ya milioni moja na nusu hata kabla ya kununua tiketi. Akachukua mkopo wa sacco. Mama yangu akamwekea udhamini. Anayezijua sacco anajua maana yake: akiba ya mdhamini inafungwa, haikopesheki, hadi deni lishuke. Akiba hiyo ndiyo tuliyokuwa tumepanga inirudishe chuo mwaka huo wa 2024.

Kwa hivyo nilipoona mitende na lile koti, niliona karo yangu inacheka.

Binamu hakunijibu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba picha ile ilipigwa na mtu aliyekuwa akipita, saa ya chakula cha mchana, akiwa amejikinga baridi kwa dakika kumi kabla ya kurudi maktaba. Koti alilinunua duka la mitumba. Mitumba, bana. Tulikuwa tunamwonea wivu kwa nguo ambayo tungeipata Gikomba.

Wiki yake nilikuja kuijua baadaye, vipande vipande, kwa jumbe za sauti. Jumatatu hadi Ijumaa ni vipindi, maktaba na kazi za vikundi. Anaishi nyumba moja na wanafunzi wengine wanne, kila mmoja na rafu yake ya friji na jina lake kwenye chupa ya maziwa. Jumapili usiku anachemsha maharagwe sufuria nzima, anayagawa kwenye mikebe mitano, na huo ndio mchana wake wa wiki. Unga wa ugali anaupata duka la Waafrika, lakini anaununua mwisho wa mwezi tu, kama keki. Kupasha nyumba joto ni vita: mmoja anawasha, mwingine anazima, na hakuna anayetaka kuonekana ndiye mchoyo. Anasema kitu kilichomshangaza zaidi kuliko theluji ni kwamba mtu anaweza kumaliza siku tatu bila jina lake kutamkwa na mtu yeyote.

Sasa njoo Jumamosi.

Viza ya mwanafunzi wa digrii Uingereza inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wiki inahesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya 22 wiki hii na kupunguza mbili wiki ijayo. 22 ni kuvunja masharti, na masharti yakivunjwa viza iko mashakani. Na kwa masta ya mwaka mmoja usidhani likizo ya majira ya joto itakuokoa, kwa sababu miezi hiyo ni ya tasnifu na inahesabiwa kama muhula.

Chukua hizo 20 uziweke kwenye wiki ya mtu anayesoma Jumatatu hadi Ijumaa. Zitakaa wapi? Makao ya wazee yanamhitaji mtu wa kuziba wikendi, wakati wafanyakazi wenye familia wanataka kuwa nyumbani. Saa kumi Jumamosi, saa kumi Jumapili. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Desemba Sheffield jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi. Aliingia kazini gizani akatoka gizani, siku mbili mfululizo, wiki baada ya wiki. Saa 20 zimeingia wikendi kama mguu kwenye kiatu kilichopimwa. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kumnyang'anya Mkenya Jumamosi yake. Haikuhitajika. Hesabu yenyewe ilitosha.

Kwa malipo gani? Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 zilikuwa pauni 244.20 kwa wiki. Chumba chake ni pauni 480 kwa mwezi. Toa nauli, chakula, simu, awamu ya karo iliyobaki, na pauni 100 anazotuma kila mwezi kupunguza deni la sacco. Ndiyo, deni lile lile lililofunga akiba ya mama. Wakati mimi naandika kikundini kwamba anajivinjari na akiba za watu, yeye alikuwa anaifungua akiba hiyo kwa kuwaogesha wazee wa watu.

Nimemwomba msamaha. Haya mengine hayahusu msamaha.

Kuna hoja ambayo mtaniletea, na nimeisikia kwa mjomba mwenyewe: alienda kusoma, matembezi ya nini? Mlima hautamwandikia mtihani. Kama hana wikendi, si afadhali, atazingatia masomo?

Nakataa. Hoja hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kama elimu ya ng'ambo ni vitabu tu, basi mbona tunalipa mamilioni? Vitabu vinasafiri. Mihadhara inarekodiwa. Mimi nimesoma silabasi za vyuo vya Uingereza, Australia na Marekani nikiwa nimeketi juu ya kitanda changu, na naweza kuwahakikishia hakuna siri kubwa ndani yake. Kitu ambacho hakisafiri ni mahali penyewe: jinsi watu wanavyopanga foleni na kubishana, wanavyotunza mto wao, wanavyopigania bustani isijengwe maduka. Kuijua nchi ni kuzurura ndani yake bila kazi maalum. Na mwanafunzi anazurura lini? Jumamosi.

Wangari Maathai alifika Marekani mwaka 1960, miongoni mwa wanafunzi waliosafirishwa na ule mpango wa Tom Mboya. Alisomea biolojia Kansas, kisha akaenda Pittsburgh kuchukua masta. Pittsburgh ulikuwa mji wa chuma na moshi. Huko aliona wenyeji wakipigania kusafisha hewa ya mji wao, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushuhudia watu wakirudisha uhai wa mazingira waliyoyaharibu. Jambo hilo halikuwa kwenye mtihani wa biolojia. Lilikuwa nje, barabarani, kwa mtu mwenye nafasi ya kuinua macho. Mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani hatukusherehekea alama zake za maabara. Tulisherehekea mtu aliyeona miti na haki katika jambo moja.

Sheffield nao ni mji wa chuma. Binamu yangu analishwa habari za mji huo na mzee mmoja kule kazini, aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote. Kila Jumamosi mzee humwuliza kama ameshapanda Mam Tor, maana husahau kwamba alimwuliza wiki jana. Kila Jumamosi binti humjibu kwamba bado. Kila Jumamosi mzee humwambia asikose, mlima ule ni wa watu.

Nilidhani ni maneno ya uzee, hadi nilipokuwa natafuta cha kujaza insha ya mteja nikakuta kwamba ni historia. Kutoka kilele cha Mam Tor unatazamana na Kinder Scout. Zamani nyanda zile za juu zilifungiwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga. Tarehe 24 Aprili 1932, siku ya Jumapili, mamia ya wafanyakazi vijana walipanda Kinder Scout bila ruhusa, kwa makusudi, mchana kweupe. Wengi walitoka Manchester, kundi jingine likatoka Sheffield. Wiki nzima walikuwa wanavuta moshi wa viwanda. Siku yao moja ya mapumziko walitaka hewa. Watano kati yao walifungwa jela. Mwaka 1951 eneo hilo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza, na leo picha zake zinapamba vijitabu vya vyuo.

Soma tena. Wikendi kwenye milima ile haikutoka mbinguni. Watu wa mikono michafu waliipigania wakafungwa kwa ajili yake. Kisha chuo kikaichukua, kikaipiga picha, kikaiuza kwa mjomba wangu. Na binti aliyeinunua akapelekwa kumtunza mzee wa kizazi kilichorithi wikendi hiyo, siku ile ile ya wikendi.

Hapo ndipo ninaposema Jumamosi ina mwenyewe. Mteja wangu alikuwa na Jumamosi mbili. Moja aliitumia London. Nyingine, ya mlimani, aliinunua kwangu kwa dola ambazo sikuzijua idadi, mwenye akaunti akakata zake, nikafikiwa na shilingi 1,750. Binamu hakuwa na hata moja. Mimi yangu niliiuza. Tunaambiwa sote watatu ni vijana wa kizazi kimoja, dunia imekuwa kijiji. Kijiji kipo, ndiyo. Lakini kina mwenye shamba na kina vibarua.

Mtasema mimi ni mwizi ninayewahubiria wezi. Sawa. Sijitetei. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022, na chini yake ni kosa la jinai nchini England kutoa au kutangaza huduma ya kumwandikia mwanafunzi kazi yake kwa malipo. Ukiisoma utaona kwamba mhalifu ni anayeuza. Anayenunua anaachiwa chuo chake kimwadhibu kikimgundua. Naielewa sheria hiyo, na sidai kwamba kazi yangu ni safi. Nauliza tu kwa nini macho yote yako kwa mwenye kalamu ya kukodi, na hakuna anayeuliza ni mfumo gani unaomfanya mtu mmoja awe na uwezo wa kununua tafakuri yake mwenyewe, na mwingine asipate hata dakika ya kutafakari.

Kwa hivyo nina maneno kwa watu watatu.

Kwanza, mawakala. Nyinyi mlio na ofisi katikati ya jiji, orofa ya nne, na bango la vijana wamelala kwenye nyasi wakicheka na vitabu vimefungwa. Nilimsindikiza binamu kwenye ofisi kama hiyo. Tuliambiwa habari za viza, karo, na kazi za muda "za kujikimu". Hakuna aliyetaja kwamba kujikimu kutakula siku mbili zile zile zilizo kwenye bango. Mkiuza picha ya nyasi, semeni nyasi hiyo ni ya nani. Na wewe unayejiandaa kwenda, ukiketi mbele ya meza hiyo, usiulize tu chuo kimeorodheshwa nafasi ya ngapi. Uliza: Jumamosi yangu itakuwa wapi? Ukijibiwa kwa kicheko, umeshajibiwa.

Pili, sisi tuliobaki. Mashangazi, wajomba, marafiki wa kitaa, mimi. Tumewafungia hawa watu kwenye mtego wa ajabu. Wakiweka picha, wanajivinjari. Wasipoweka, wameringa, wametusahau. Wakilalamika, hawana shukrani, si waambie warudi nafasi ichukuliwe na wengine. Basi wanajifunza kututumia kile tu tunachoweza kukimeza: koti, mitende, kicheko. Halafu tunakasirishwa na picha ambayo sisi wenyewe tuliiagiza. Jaribu siku moja kumwuliza binamu yako wa majuu ni nani aliyetamka jina lake leo. Nyamaza usikie.

Tatu, nyinyi mlioko huko. Najua kwa nini mnanyamaza. Harambee ilifanywa, ng'ombe waliuzwa, mchungaji aliomba, na hamwezi kurudi na stori ya maharagwe ya mikebe mitano. Lakini ukimya wenu unatugharimu. Kila mwaka kuna mtoto wa Kidato cha Nne anayetazama stetasi zenu na kufikiri elimu ya ng'ambo ni kivuko cha kuingia kwenye picha. Anakuja na mkopo wa mjomba na udhamini wa mama wa mtu mwingine. Mwambieni ukweli kabla hajapanda ndege. Msimwambie asije. Mwambieni bei, pamoja na ile isiyoandikwa kwenye barua ya chuo.

Na mimi? Niliahidi kutojiweka pembeni. Bado nachukua oda. Kodi ya Roysambu hailipwi kwa msimamo. Lakini kuna aina moja nimeikataa tangu Mei: sitaandika tena matembezi ya mtu. Nitakuandikia nadharia za usimamizi, nitakupangia marejeo, na Mungu atanihukumu kwa hayo. Ila ukitaka niseme ulivyojisikia juu ya mlima ambao ulikuwa na basi, tiketi na Jumamosi ya kuupanda ukaukataa, tafuta mwingine. Mwenye akaunti alicheka nilipomwambia. Akasema hizo ndizo oda rahisi. Ndiyo maana, nikamjibu, na akaacha kunitumia kazi kwa wiki mbili.

Julai, binamu aliomba ruhusa kazini siku moja. Kuruka zamu hiyo kulimgharimu pauni 122. Alinieleza kiasi hicho kabla ya kunieleza kitu kingine chochote, na nikajua amekuwa mtu mzima. Alipanda treni peke yake hadi Edale, akapanda mlima kwa saa kadhaa kwa sababu hana viatu vya kupandia, akakaa juu hadi jua likageuka. Hakuweka picha kikundini. Jumapili alimwambia yule mzee kwamba amefika, naye akafurahi kama aliyesikia habari za mtoto wake, na Jumamosi iliyofuata akamwuliza tena.

Mimi alinitumia ujumbe mmoja. Nilikuwa nimemtumia ile insha zamani, kwa mzaha, ili aone nilivyoupanda mlima wake kabla yake. Alikuwa ameisoma upya akiwa kileleni.

"Kaka, upepo umeupata," aliandika. "Kondoo pia. Lakini umesema huku juu kuna ukimya. Hakuna ukimya. Ni Jumamosi. Kuna foleni ya watu wanaopiga picha."

Ile aya ya ukimya ndiyo mhadhiri aliyoisifu zaidi, kwamba ina ukweli wa mtu aliyefika. Mteja alipata 68.